Somo la Sita: Ukurutu na Dawa za Nyumbani katika Milima ya Usambara

Natumaini kila kikundi kimekwisha kukaa, na katibu anayo kalamu yake. Leo twaendelea na masomo yetu ya historia, lakini hatutasema sana habari za vita wala za mipaka ya nchi. Tutasema habari za ngozi. Pengine mmoja wenu anauliza, "Hata ngozi ina historia?" Naam, inayo, na asiyeijua historia hiyo aweza kumwumiza mtoto wake kwa nia njema kabisa.

Nianze na jambo nililoliona mwenyewe. Miaka michache iliyopita nilikwenda kukagua shule moja ya msingi huku milimani. Katika daftari la mahudhurio niliona jina la mtoto wa kike wa darasa la tatu, ambaye hakuonekana shuleni tangu mwezi wa Juni. Nikafuatana na mwalimu wake mpaka nyumbani kwao. Mama yake alimwita mtoto kutoka chumbani, naye akaja amevaa sweta la mikono mirefu. Alipokunja mikono tuliona ngozi ya kwenye vikunjo vya viwiko imekuwa nene na nyeusi, imepasuka, na mahali pengine inatoa majimaji. Nyuma ya magoti ilikuwa vivyo hivyo. Wenzake walikataa kukaa naye dawati moja, wakisema ana ukoma.

Mama huyu hakuwa mzembe. Alikwisha jaribu majani yaliyopondwa, akajaribu mafuta ya taa, akauza kuku wawili anunue krimu ya dukani. Majani yalimchoma mtoto. Mafuta ya taa yalimliza usiku kucha. Krimu ilimponya wiki mbili, kisha ugonjwa ukarudi kwa nguvu kuliko kwanza. Akaniuliza, "Mwalimu, nimekosea wapi?" Siku ile sikuwa na jibu. Nimelitafuta tangu wakati huo, na somo la leo ndilo jibu langu kwake.

UGONJWA WENYEWE

Kiswahili kina majina mengi ya magonjwa ya ngozi: upele, choa, mba, buba, ukoma, ukurutu. Wazee hawakuyatunga majina hayo bure, maana kila moja ni ugonjwa wake. Upele huletwa na mdudu mdogo anayechimba chini ya ngozi, nao huambukiza nyumba nzima. Choa huletwa na ukungu. Ukoma huletwa na vijidudu, na alama yake kubwa ni baka lisilohisi kitu hata likiguswa.

Ukurutu, ambao siku hizi watu wengi huuita pumu ya ngozi, hauambukizi. Mtu hawezi kuupata kwa kukaa dawati moja na mgonjwa, wala kwa kula naye, wala kwa kulala naye kitanda kimoja. Mara nyingi huonekana katika ukoo wenye watu wa pumu ya kifua, au wenye kupiga chafya kila vumbi linapotimka. Ngozi ya mgonjwa ni kama ukuta wa nyumba ya miti na udongo uliobanduka lipu: unyevu wa ndani unatoka, na vitu vya nje vinaingia. Ngozi hukauka, huwasha, mtu hujikuna, na kujikuna huzidi kuubomoa ukuta. Kwa hiyo huwasha tena.

Hapa kwetu baridi nayo ina sehemu yake. Mji wa Lushoto uko mita kama 1,400 juu ya bahari. Wakati wa kipupwe watu huvaa sufu, huota moto, na huoga maji ya moto sana. Mambo hayo yote matatu hukausha ngozi au huiwasha.

Neno kubwa la kukumbuka ni hili: ukurutu huja na kwenda. Watoto wengi huupungukiwa wanapokua, na wengine hukaa nao maisha yao yote. Hakuna dawa, ya mwituni wala ya hospitali, inayoung'oa siku moja usirudi tena. Lakini waweza kutunzwa mpaka mtu asome, alime na alale usingizi kama wengine.

ZAMANI ZA VUGHA

Sasa tuitazame historia. Wasambaa husimulia kwamba mfalme wao wa kwanza wa ukoo wa Wakilindi, Mbegha, alitoka Nguu akiwa mwindaji na mjuzi wa dawa. Habari zake zimeandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi katika kitabu cha Habari za Wakilindi, kilichochapwa kwanza huko Magila kwa sehemu, kati ya mwaka 1895 na 1907, na kuchapwa tena mwaka 1962. Mjukuu wa mwana wa Mbegha, mfalme Kimweri ye Nyumbai, alitawala kutoka mji wa Vugha mpaka alipokufa mwaka 1862. Mmisionari Ludwig Krapf alimzuru mwaka 1848, akarudi tena mwaka 1852.

Katika nchi ile uganga ulikuwa sehemu ya utawala. Mwanahistoria Mmarekani Steven Feierman, aliyekaa Usambara katika miaka ya 1960 na kuzungumza na wazee wengi, ameeleza maneno mawili ya Kisambaa. La kwanza ni kuzifya shi, yaani kuiponya nchi. La pili ni kubana shi, yaani kuiharibu nchi. Mfalme mwenye nguvu aliyetulia katika kiti chake aliiponya nchi kwa kuleta mvua. Tena nchi haikuponywa mara moja ikaisha. Kila mwaka mvua ilitakiwa, na kila mwaka kazi ilianza upya.

Feierman ameeleza pia jinsi wagonjwa walivyotunzwa. Mgonjwa hakuamua peke yake. Ndugu zake, yaani baba, mama, wajomba na shangazi, walikaa wakashauriana: je, huu ni ugonjwa wa Mungu tu, unaotaka dawa, au umeletwa na mtu? Dawa moja ikishindwa, walijaribu nyingine, na wakabadili hata mawazo yao juu ya chanzo cha ugonjwa.

Desturi hii ilikuwa na faida kubwa. Mgonjwa hakuachwa peke yake, na gharama ilibebwa na wengi. Lakini kwa ugonjwa kama ukurutu ilikuwa na hatari pia. Ugonjwa unaokuja na kwenda huwadanganya watu. Ukipungua wenyewe baada ya dawa fulani, dawa hiyo husifiwa. Ukirudi, watu husema, "Huu si wa Mungu, kuna mtu." Basi hutafutwa mchawi, jirani hununiwa, na ngozi ya mtoto hubaki kavu vile vile.

Pamoja na waganga, kulikuwa na ujuzi wa kila siku ambao haukuhitaji kualikwa mtu. Mama alimpaka mtoto mafuta kila baada ya kumwogesha: mafuta ya mbarika, samli ya ng'ombe, na kwa watu waliofanya biashara na pwani, mafuta ya nazi. Hakuna aliyeuita huo uganga. Ilikuwa malezi tu. Lakini tutaona baadaye kwamba katika habari zote za ukurutu, kazi hiyo ndogo ya mama ndiyo iliyokuwa karibu sana na ukweli.

SINDANO YA BUBA

Wamisionari Wajerumani walifika Mlalo mwaka 1891, Vuga mwaka 1895, na Bumbuli mwaka 1899, na baadaye Bumbuli ikawa na hospitali. Mwaka 1902 serikali ya Kijerumani ilianzisha taasisi ya utafiti wa mimea huko Amani, Usambara ya mashariki, ambako ilipandwa mikwinini kwa ajili ya dawa ya homa. Hivyo milima yetu ilijulikana mapema kuwa milima ya dawa.

Lakini jambo lililobadili mawazo ya watu juu ya magonjwa ya ngozi lilikuwa sindano ya buba. Buba ni ugonjwa uliotoa vidonda vibaya mwilini na kula mpaka mifupa. Katika miaka ya 1920 madaktari wa serikali ya Waingereza katika Tanganyika walianza kudunga sindano za dawa zenye madini ya bismathi na aseniki. Vidonda vilivyokaa miezi vilikauka kwa siku chache. Watu walitembea mwendo mrefu, makundi kwa makundi, kuitafuta sindano. Baadaye ikaja penisilini, na sindano moja tu ilitosha. Kati ya mwaka 1952 na 1964 Shirika la Afya Duniani na UNICEF waliendesha kampeni katika nchi 46, wakatibu watu wapatao milioni 50.

Huo ulikuwa ushindi mkubwa, wala hatuupunguzi. Hata hivyo ulituachia fundisho moja lisilofaa kila mahali. Watu walijifunza kwamba ugonjwa wa ngozi, ukipata dawa yenyewe hasa, huondoka mara moja usirudi. Kwa buba ilikuwa kweli. Kwa ukurutu si kweli, kwa sababu ukurutu hauna kijidudu cha kuuawa. Mtu akiungoja ukurutu uondoke kama buba, kila dawa itaonekana dhaifu, naye atatafuta iliyo kali zaidi. Watu husema, "Dawa ya moto ni moto." Kwa ukurutu msemo huo umeunguza watoto wengi.

KRIMU INAYOPONYA UPESI

Katika miaka hiyo hiyo ya penisilini ilipatikana dawa nyingine. Mwaka 1949 madaktari wa Marekani walitangaza kwamba dawa iitwayo kotisoni hutuliza maumivu ya viungo, na mwaka 1950 waliigundua walipewa Tuzo ya Nobel. Mwaka 1952 madaktari wawili wa New York, Sulzberger na Witten, walieleza kwamba dawa ya jamii hiyo, haidrokotisoni, ikipakwa juu ya ngozi hutuliza ukurutu. Jamii hii ya dawa huitwa steroidi. Baadaye zikatengenezwa nyingine zenye nguvu mara nyingi zaidi.

Tuseme kweli, dawa hizi ni msaada mkubwa. Mgonjwa akipewa ile yenye nguvu inayofaa, akapaka mahali panapofaa kwa siku alizoambiwa, hupona uvimbe na kuwashwa hukoma. Ubaya huja zinapouzwa bila maelezo, au zinapochanganywa kwa siri katika krimu za kung'arisha uso. Mtu akipaka ile kali kwa miezi, ngozi yake huwa nyembamba kama karatasi, hupata michirizi isiyofutika, na akiacha ghafula ugonjwa hurudi kwa ukali. Ndivyo ilivyompata mtoto niliyemtaja. Tanzania ilitunga sheria ya chakula, dawa na vipodozi mwaka 2003, na vipodozi vyenye zebaki, haidrokwinoni au steroidi vikapigwa marufuku. Lakini sheria haiwezi kuingia katika kila kikapu cha sokoni. Tunapaswa kujilinda wenyewe.

Wakati huo huo serikali haikuzitupa dawa za asili. Mwaka 1974 kilianzishwa Muhimbili kitengo cha kuzichunguza, na mwaka 1991 kikawa taasisi kamili. Mwaka 2002 ikatungwa Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, inayotaka waganga waandikishwe. Nchi yetu, basi, imekubali kwamba dawa ya asili ni kitu cha kupimwa, wala si kitu cha kusifiwa au kudharauliwa tu.

DAWA ZA NYUMBANI ZILIZOPIMWA

Je, zikipimwa zinasemaje? Sikilizeni vizuri, na katibu aandike.

Kwanza, mafuta. Mwaka 2014 madaktari wa Ufilipino walichapisha matokeo ya kuwapaka watoto wenye ukurutu mafuta safi ya nazi, wakilinganisha na mafuta yatokanayo na petroli. Wale wa mafuta ya nazi walipata nafuu zaidi. Mafuta ya mgando ya kawaida, yasiyo na manukato, nayo hufaa, na bei yake ni ndogo. Lakini si kila mafuta ya kula yanafaa. Mwaka 2013 watafiti wa Uingereza walionyesha kwamba mafuta ya zeituni huweza kuudhoofisha ukuta wa ngozi.

Pili, kuoga. Mgonjwa aoge maji ya uvuguvugu, si ya moto, tena kwa muda mfupi. Asisuguliwe kwa dodoki wala jiwe. Sabuni iwe kidogo, isiyo na harufu kali, na sabuni ya kufulia isitumike mwilini. Akitoka majini, apanguswe polepole kwa kitambaa laini, na mafuta yapakwe papo hapo, ngozi ingali na unyevu. Hilo ndilo jambo ambalo watu wengi hulikosa. Mafuta huziba unyevu uliomo ndani, na yakipakwa ngozi ikiwa imekwisha kukauka, faida yake ni ndogo. Yapakwe mara mbili kwa siku au zaidi, hata siku ambazo ngozi ni nzima.

Tatu, nguo. Wakati wa kipupwe mtoto avae nguo ya pamba ndani, na sweta juu yake, sufu isiguse ngozi. Kucha zikatwe. Asilale karibu na moshi wa kuni.

Nne, majani. Hapa tahadhari inatakiwa. Mwarobaini, shubiri na mengine yana nguvu ya kweli, lakini kitu chenye nguvu ya kuponya kina nguvu ya kudhuru vile vile, na ngozi iliyopasuka hunywa kila kitu. Tena jina moja la mmea laweza kuwa mti huu katika bonde hili, na mti mwingine katika bonde la pili. Ndiyo sababu mtaalamu wa mimea wa Amani, P. J. Greenway, alitunga kamusi nzima ya majina ya mimea kwa Kiswahili, ambayo chapa yake ya pili ilitoka mwaka 1940. Ukitaka kutumia jani, mwulize mjuzi aliyeandikishwa, jaribu kwanza mahali padogo pasipo na kidonda, na ungoje siku mbili. Likiwasha, liache.

Tano, vitu vya kukataa kabisa: mafuta ya taa, maji ya betri, utomvu wa mnyaa, kitunguu saumu kibichi, tumbaku, na ndimu, ambayo ikipakwa na ngozi ikapigwa jua huunguza. Vyote hivi vinaharibu ukuta ambao sisi twataka kuujenga.

LINI TWENDE ZAHANATI

Dawa ya nyumbani ina mpaka wake. Nenda zahanati ukiona usaha au magamba ya rangi ya asali, au mtoto akiwa na homa pamoja na malengelenge mengi yaliyozuka ghafula. Nenda ikiwa nyumba nzima wanawashwa usiku, maana huo huenda ukawa upele, na wote hutibiwa pamoja. Nenda upesi ukiona baka lisilohisi. Hilo laweza kuwa ukoma, nao siku hizi hupona kwa vidonge, kwa mchanganyiko wa dawa ambao Shirika la Afya Duniani liliupendekeza mwaka 1981. Nenda pia ikiwa umetunza kwa wiki mbili bila nafuu. Mkishindwa hapo, mjue kwamba huko Moshi, katika hospitali ya KCMC, tangu mwaka 1992 pana chuo cha kufundisha waganga wa hospitali magonjwa ya ngozi, na wanafunzi wake wametawanyika katika nchi nyingi za Afrika.

MWISHO

Wazee wetu wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi kando ya redio, kama mlivyokaa ninyi sasa, wakajifunza habari za malaria, kichocho, kuhara na minyoo. Kisha wakaondoka wakachimba vyoo. Somo ambalo halimfikishi mtu kwenye kazi ni maneno matupu.

Sasa namjibu yule mama. Mama, hukukosea kwa kumpenda mtoto, wala kwa kutumia dawa ya nyumbani. Ulikosea pale tulipokosea sote tangu siku za sindano ya buba: ulitafuta dawa kali ya siku moja kwa ugonjwa unaotaka mkono usiochoka. Wasambaa wa zamani walijua kwamba nchi huponywa kila mwaka. Ngozi hii nayo huponywa kila siku, asubuhi na jioni, kwa mafuta na kwa subira.

Mtoto yule alipelekwa hospitali, akapewa dawa ya siku chache na maelezo ya kuitumia. Mwalimu wake aliwaeleza wanafunzi kwamba ugonjwa ule hauambukizi, akamkalisha dawati la mbele. Nilipopita mwaka uliofuata, wakati wa kipupwe, ukurutu ulikuwa umerudi kidogo mikononi. Lakini jina lake katika daftari halikuwa na siku hata moja iliyokosekana mwezi ule.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA VIKUNDI

1. Katika kijiji chenu, watu hutumia nini kwa ukurutu? Katika vitu hivyo, vipi hujenga ukuta wa ngozi na vipi huubomoa?

2. Kwa nini dawa iliyosifiwa mwaka huu huonekana haifai mwaka ujao? Elezeni kwa mfano.

3. Je, yupo mtoto kijijini asiyekwenda shule kwa sababu ya ngozi yake? Nani katika kikundi atakwenda kuzungumza na wazazi wake na mwalimu kabla ya somo lijalo?

Kwaherini, na tusikilizane tena wiki ijayo.